Machungwa Ambayo Hakuyala

Saa saba kamili mchana Mama Utepe aliketi juu ya kreti lililopinduliwa nyuma ya masufuria makubwa, akajifuta mikono kwa kitambaa kikavu, akapitisha pamba ya spiriti kwenye ncha ya kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kisha akajidunga. Hakukunja uso. Tone la damu likachungulia, akaligusisha kwenye kijikaratasi, na kimashine cha kupimia sukari kikahesabu kurudi nyuma: tano, nne, tatu, mbili, moja. Kumi na nane nukta nne. Aliitazama ile namba kama mtu anayesoma namba ya nyumba ya watu wengine. Akatoa simu, akamwandikia bintiye: 18.4. Hakuongeza neno.

Jibu lilikuja kabla hajafunika kimashine. "Mama!" Siku nyingine zilikuja alama mbili za mshangao. Siku moja zilikuja nne, na Mama Utepe alizihesabu polepole, halafu akala wali wake na maharage kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, bila kujua kama vilikuwa na chumvi.

Jina la Mama Utepe alipewa hapo hapo kiwandani. Kilikuwa kiwanda kidogo cha jamu ya machungwa, chumba kimoja kirefu chenye meza ya bati katikati, na kazi yake ilikuwa kumenya. Wenzake walimenya vipande vipande. Yeye alianza kwenye kikonyo na kuzungusha chungwa mpaka chini, ganda likatoka zima, utepe mmoja mrefu usio na jeraha. Miaka ishirini na miwili ya tepe. Maganda hayo ndiyo yaliyokatwa nyuzi nyembamba na kupikwa kwenye jamu, na wateja waliojua jamu walijua pia kuwa pana mtu mahali fulani mwenye mkono mwepesi, ingawa hawakumjua ni nani.

Kiwanda kilikuwa na sheria nyingi, lakini iliyoogopwa ni moja: sabuni na maji ni asubuhi kabla ya kazi na saa kumi baada ya kazi. Katikati hapo ni kitambaa kikavu tu. Sheria hiyo ilikuwa ya mpishi mkuu, mzee mwembamba waliyemwita Bwana Pua, ambaye zamani aliwahi kumwaga sufuria tatu za jamu kwa sababu alinusa sabuni ya mawaridi ndani yake. Hakuna mwingine aliyeinusa. Tangu siku hiyo, mikono ya wamenyaji ilishinda na maji ya machungwa yakiwakaukia, ikanata, ikang'aa, na ukimpa mwenzako mkono mlibanduana. Aliyelazimika kwenda msalani alinawa kama watu wanavyonawa, lakini akirudi alipita kwanza mbele ya Bwana Pua na kunyoosha viganja vinuswe. Ilikuwa aibu ya kutosha kumfundisha mtu kubana haja zake.

Mama Utepe hakuwa na shida na sheria. Siku hizi hakuwa na shida na kitu chochote. Ganzi ilimwanzia kwenye vidole vya miguu, mwaka wa pili wa kisukari, akawa anavaa viatu na kuviangalia ili ajue kama vimeingia. Halafu mumewe akafa, akamzika, akapokea rambirambi, akaosha vyombo vya wageni. Alingoja machozi, hayakuja. Alidhani yamechelewa njiani. Miezi ikapita, akaacha kuyangoja, na ile ganzi akaizoea kama watu wanavyozoea mlango unaogoma kufungika.

Kuhusu machungwa, nesi wa kliniki alikuwa amemwambia vizuri tangu mwanzo. "Sijakukataza, mama. Chungwa moja la wastani, ulile zima na nyama zake, baada ya chakula. Usikamue maji yake ukanywa. Maji ya machungwa yanakwenda mbio." Akakubali, akawa anakula moja kila siku ya pili. Ila alipoanza kujipimia kazini na namba zikaanza kupanda, kumi na nne, kumi na sita, bintiye alisema basi, hata hilo moja liachwe. Akaliacha. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu aliache. Kila siku yalipita mikononi mwake machungwa mia tatu, na machenza msimu wake, na mabalungi, na hakuna hata kipande kilichofika mdomoni.

Na namba haikushuka.

*

Bintiye alikuwa mwalimu wa hesabu, mtoto pekee, mwanamke mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Alikuja siku ya Jumapili alasiri, akabusu shavu la mama yake, akaweka mkoba, akaanza kufungua makabati ya jikoni. Hakuomba ruhusa. Alifungua friji, akafungua mtungi wa unga, akachungulia hata ndani ya sufuria lililofunikwa.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Chumvi."

"Chumvi iko mezani mbele yako."

Binti alikuwa ameinama kwenye ndoo ya taka, na aliposimama alikuwa ameshika utepe mrefu wa ganda la chungwa, umekauka, umejikunja. "Na hili?"

"Ni ganda."

"Naona ni ganda, mama. Tunda lake liko wapi?"

"Liko kwenye jamu. Maganda yaliyodondoka chini hawayapiki, nayaleta nayaweka kabatini, nguo zinukie. Hilo limepoteza harufu, nimelitupa."

Maelezo hayo yalikuwa ya kweli tupu, lakini hata yeye mwenyewe, alipoyasikia yakitoka, aliona yanachechemea. Binti aliketi. Akatoa simu, akamwonyesha mama yake mchoro alioutengeneza, mistari inayopanda na kushuka, kila siku na namba yake.

"Angalia. Tarehe nne, kumi na saba. Tarehe tano, kumi na tisa. Tarehe sita, sita nukta moja. Tarehe saba, kumi na nane. Unaona tarehe sita? Siku hiyo ulijizuia. Kwa hiyo ukiamua unaweza. Mimi sikugombezi, mama. Nataka tu uniambie. Unakula machungwa?"

"Sili."

"Mama."

"Sili, mwanangu."

"Namba hazina sababu ya kunidanganya."

Mama Utepe alijaribu kukumbuka tarehe sita alifanya nini. Alimenya machungwa. Karibu na saa saba tumbo lilimsumbua kidogo, akaenda msalani, akanuswa viganja, akarudi. Hapakuwa na la kusimulia. Alitaka kukasirika, akajitafuta ndani, hakukuta kitu.

"Nimekuandalia chumba," binti alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyechoka. "Mwezi huu ukiisha namba hazijashuka, unaacha kile kiwanda unakuja kwangu. Siwezi kukuzika na wewe. Baba ametosha."

*

Siku ya kliniki alitoka kazini saa nane moja kwa moja, bado amefunga kilemba chake cha kazi. Bintiye alikuwa ameshafika. Nesi alimfuta kidole kwa spiriti, akamdunga, akatazama kimashine chake mwenyewe, kikubwa kuliko cha mama, na hicho nacho kikasema kumi na saba.

"Mama, mimi na wewe tumetoka mbali," nesi alisema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya usingizi, asiyependa kugombeza watu. "Nimekuongezea dozi ya insulini mara mbili. Sindano unachoma?"

"Nachoma. Asubuhi na jioni."

"Chakula?"

"Kama ulivyonipangia."

"Na matunda? Pale kazini kwako, mkono haupotei njia?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata kuonja?"

"Sionji."

Nesi alimtazama binti. Binti aliinamisha kichwa, akafunika macho kwa kiganja. Mama Utepe aliuona mkono ule, kucha zilizotafunwa, chaki kwenye kifundo cha kidole, na akajua kwamba mtoto wake hapati usingizi. Akatambua kwamba katika chumba hiki kuna watu wawili wanaoteseka, na mwenye kuwatesa ni yeye, na dawa yao iko ulimini mwake na haimgharimu chochote. Ukweli alikuwa ameutoa kila mara walipomwuliza, na kila mara ulirudishwa kama barua yenye anwani isiyojulikana.

"Nakula," alisema.

Nesi aliacha kuandika.

"Mawili kwa siku. Siku nyingine matatu."

Loo, jinsi walivyofurahi! Binti alimkumbatia palepale kwenye kiti, akasema asante mama, asante kwa kusema. Nesi alisema hilo ndilo la maana, mgonjwa akisema ukweli kazi inakuwa nusu. Wakazungumza kwa sauti nyepesi, wakapanga, wakashauriana. Hakuna jambo alilowahi kusema mwaka huo lililopokelewa kwa heshima kama ule uongo. Wakakubaliana ajitahidi kuacha, na kwa kuwa kuacha ni kazi ya polepole, dozi ipande kidogo tena ili kuufidia huo ulafi. Mama Utepe akatia saini kwenye faili. Nje, binti alimnunulia maji ya chupa na kumshika mkono mpaka kituoni.

*

Wiki iliyofuata jasho lilianza kumtoka asubuhi, jasho baridi, bila joto. Mikono ikamtetemeka. Siku ya tatu utepe ulimkatikia katikati, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu ujana wake, na mwenzake wa kando, mwanamke wa mwili na maneno waliyemwita Kijiko kwa sababu hakukosa kijiko cha kuonjea mfukoni mwa aproni, alipiga yowe la mzaha. "Jamani, njooni mwone! Mama Utepe kawa Mama Vipande!" Wote wakacheka. Naye akacheka, kwa kuwa kucheka kulihitajika.

Alijipima saa saba: kumi na sita. Basi, alijiambia, hii ndiyo sukari yenyewe inanitetemesha. Akawa mwangalifu zaidi, akapunguza wali nusu. Na kwa sababu namba ilizidi kukaa juu, akaanza kujishuku. Labda nakula. Labda mkono unakwenda mdomoni nami sijui, kama ninavyokanyaga kitu nisijue. Akaanza kuyahesabu machungwa kwenye kreti lake, yaliyoingia na yaliyotoka, na siku moja hesabu ikapungua moja. Alitafuta chini ya meza kwa magoti, akalikuta limejiviringisha nyuma ya mguu wa jiko. Alilishika kwa muda. Hakujua kama amefarijika.

Siku ya Alhamisi, kabla ya saa saba, kisu kilimwanguka. Hakukiokota. Alisimama akikitazama pale sakafuni, na hakuweza kukumbuka mtu huokotaje kitu. Kijiko alimwuliza jambo, akaona mdomo wake ukicheza, maneno hayakufika. Kilemba kilikuwa kimelowa chapachapa. Wakamketisha kwenye kreti.

"Mpeni kitu kitamu," alisema mmoja. "Shangazi yangu huwa hivi, anapewa sukari."

"Ngoja kwanza," Kijiko alisema. "Kimashine chake kiko kwenye mkoba. Tumpime, tusije tukamuua." Akakitoa, akakishika kwa uangalifu wa mtu anayeshika yai. Akamfuta kidole kwa pamba ya spiriti kama alivyomwona akifanya kila siku, akamdunga. Wote wakainama kutazama. Kumi na saba nukta tisa.

"Mnaona? Iko juu! Nani alisema kitamu? Ondoeni hiyo jamu hapa!"

Wakaiondoa jamu. Palikuwa na masufuria manne ya sukari inayochemka hatua tatu kutoka pale alipokuwa akizimika, na hakuna aliyethubutu kumtia hata tone mdomoni, kwa kumpenda. Bwana Pua mwenyewe ndiye aliyetoa gari lake la kubebea makopo, akaliendesha mpaka kliniki akipiga honi njia nzima, yeye ambaye hakuwahi kusikika akipandisha sauti.

Nesi alifika akamkuta ameshaingizwa kwa machela. Alishika ule mkono wa kushoto atafute mshipa, vidole vyake vikanatana na vya mgonjwa, akasema, "Mikono gani hii?" Akachukua beseni, maji na sabuni, akauosha mpaka kwenye kiwiko, kwa kuwa plasta isingeshika pale. Ndipo akapima.

Mbili nukta moja.

Nesi aliangalia kimashine, akakitikisa, akachukua kingine. Moja nukta tisa. Hakupima mara ya tatu. Alitafuta mshipa, akasukuma maji ya sukari, akasimama akihesabu pumzi za mgonjwa kwa midomo, na macho yake hayakuwa na usingizi tena.

*

Alizinduka akasikia kwanza harufu ya sabuni, halafu akamwona bintiye ameketi kando ya kitanda, bado ana chaki kwenye sketi. Nesi alikuwa amesimama upande wa pili. Kijiko alikuwa mlangoni na aproni yake, analia waziwazi, na alipoona macho ya mwenzake yamefunguka alisema, "Nilikunyima jamu, shoga yangu, nilikunyima mwenyewe kwa mikono hii." Nesi akamwomba atoke nje kidogo.

"Mama, nisikilize," nesi alisema. "Nataka kujaribu kitu. Mwalimu naye aone." Mkono wa kulia ulikuwa haujaoshwa. Akaufuta kidole kwa spiriti, akapima: kumi na tano nukta tatu. Akahamia mkono wa kushoto, uliooshwa, akapima kwa kimashine kile kile: saba nukta mbili. Akaviweka vile vijikaratasi viwili kando kando juu ya shuka.

"Mtu ni mmoja," nesi alisema. "Dakika ni ile ile. Mama, kazini kwako, kabla hujajipima, unanawa?"

"Tunajifuta. Sabuni ni saa kumi."

Nesi aliketi pembeni mwa kitanda, kitanda kikalalamika. Alizungumza polepole, mwenyewe akiyasikia maneno yake. Kwamba maji ya chungwa yanakauka kwenye ngozi yakiwa na sukari yake. Kwamba spiriti haiiondoi, inaondolewa na maji tu. Kwamba tone la damu ni dogo, na kimashine hakijui kama sukari imetoka ndani au imetoka kwenye ngozi. "Tulikuwa tunayapima machungwa," alisema. "Na kwa dozi zile nilikuwa nayachoma sindano machungwa. Mimi. Hapa hapa nilikupima na mikono hiyo hiyo, nisiulize." Akalivuta faili karibu. "Kosa ni langu, mama, na nitaliandika hivyo kwenye faili."

"Kumbe tarehe sita," binti alisema kwa sauti ya chini, "ulikuwa umenawa."

"Nilikwenda msalani."

Binti alitazama vile vijikaratasi. Alivitazama kwa muda mrefu, mwalimu wa hesabu mbele ya majibu mawili ya swali moja. Kisha akasema, "Lakini ulisema unakula. Ulisema mwenyewe. Mawili, matatu."

Hapo ndipo lilipoanza. Mama Utepe hakulijua mara moja. Alidhani ni ile dawa ya mshipani. Lilikuwa joto, lilianzia chini ya mbavu, likapanda mpaka kifuani. Alikuwa amekasirika. Alikasirika kwa ajili ya makabati yaliyofunguliwa bila hodi, na ganda lililoinuliwa juu kama kisu cha muuaji, na chumba kilichoandaliwa, na kukumbatiwa kwa furaha kwa ajili ya uongo. Alijikasirikia mwenyewe, aliyeuza ukweli wake apate kuachwa apumzike. Akamkasirikia hata marehemu mumewe, kwa kufa na kumwacha bila shahidi. Miezi kumi na moja ya hasira ilikuwa imefika kwa pamoja, na yote ilikuwa yake, na iliuma. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Nisamehe, mama," binti alisema. Alikuwa ameshapiga magoti. "Nisamehe."

Neno la kujibu lilikuwepo, alilifahamu, kila mama analo tayari: yamekwisha, mwanangu. Alilifungulia mdomo. Halikutoka, kwa kuwa hayakuwa yamekwisha.

Nesi aliinuka ili awaache. "Ukipata nguvu, mama," alisema kwa upole mlangoni, "chungwa moja baada ya chakula si dhambi. Sikukukataza tangu mwanzo."

"Nikakuletee?" binti alidakia, ameshika mkoba tayari, mwenye shukrani kwa kupata la kufanya. "Nitakumenyea mwenyewe. Ngoja nikimbie sasa hivi."

"Sitaki chungwa. Kaa."

Binti akakaa.

"Niulize."

"Nikuulize nini, mama?"

"Lile swali lako. Niulize."

Binti alielewa, na kuelewa kulimvunja uso. Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono kama alivyofanya akiwa na miaka sita. "Mama," alisema, "unakula machungwa?"

"Sili."

Mahali fulani kwenye ukumbi mtu alikuwa akisukuma toroli la vyombo.

"Tena."

"Mama, tafadhali."

"Tena."

"Unakula machungwa?"

"Sili."

Safari hii binti hakutazama simu, hakutazama vile vijikaratasi. Alimtazama yeye usoni, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Nimesikia." Mama Utepe aliliweka lile neno palipokuwa pakimuuma, akaona bado panauma. Akageuza uso kidogo kuelekea dirishani.

Mara ya tatu binti hakungoja kuambiwa. Aliuliza mwenyewe, kwa sauti iliyosikika kwa shida, mikono yote miwili juu ya shuka, kisha akakaa akilisubiri jibu kama mtu asiyelijua.

Mama Utepe alimwacha asubiri.